Miguu, kinywa au masikio: muziki upi wa Kiayalandi kwa Sikukuu ya Mtakatifu Patrisi?

Kila ikikaribia tarehe 17 Machi swali ni lile lile. Wageni wameshaalikwa, kabichi na viazi viko jikoni, kuna aliyeapa kuja na kofia ya kijani. Sasa tupige muziki gani? Ukiandika "muziki wa Kiayalandi" kwenye simu unamwagiwa kila kitu kwa mpigo: fidla zinazokimbizana, wazee wenye ndevu wakiimba habari za mitungi, vijana wanaofoka juu ya magitaa ya umeme, na mwanamke mwenye sauti kama ukungu wa alfajiri. Vyote ni vya Kiayalandi, au angalau vinajiita hivyo. Lakini kuvipanga ovyo katika karamu moja ni sawa na kuchanganya taarab asilia, singeli na kaswida, halafu ukamwambia kijana wa spika, "Endelea tu."

Kabla ya kulinganisha, kuna jambo la kujua kuhusu sikukuu yenyewe, maana ndilo linaloeleza kwa nini muziki umegawanyika hivi. Nchini Ayalandi siku hii ni ya mapumziko rasmi tangu 1903, na kwa miaka mingi ilikuwa siku ya misa na utulivu. Huangukia ndani ya Kwaresima, na hadi kuingia miaka ya 1960 baa zilifungwa siku hiyo kwa amri ya sheria. Vurugu za kijani tunazoziona leo zilikolea kwanza kwa waliohama, hasa Marekani, watu walioikumbuka nyumbani wakiwa mbali nayo. Hivyo kuna Mtakatifu Patrisi wa nyumbani na kuna Mtakatifu Patrisi wa ughaibuni, na kila mmoja ana muziki wake. Msomaji aliyewahi kusikia nyimbo za kwao zikipigwa kwenye ukumbi wa kukodi huko Ulaya atanielewa upesi.

Vigezo nilivyotumia

Nimepima makundi manne kwa mizani moja. Kwanza miguu: je, mtu asiyefundishwa anaweza kuucheza? Pili kinywa: kuna kiitikio ambacho wageni watakidaka mara ya pili kikirudi? Tatu maneno: unaweza kuupiga mbele ya watoto na wakwe bila kukimbilia kitufe cha kuzima? Nne maongezi: watu wanaweza kusikilizana mezani? Kisha nimesema unamfaa nani, na pa kuanzia kwa asiyejua kitu.

Sikuweka kigezo cha "uhalisi". Ukiwauliza Waayalandi watatu muziki upi ndio halisi, jiandae kuondoka na majibu manne na deni la vinywaji.

1. Ala tupu: jigi, rili na wenzao

Huu ndio muziki wa ngoma za vijijini, ule unaopigwa na watu walioketi kwa duara kwenye kona ya baa: fidla, filimbi, akodiani, konsatina, banjo, na zumari ya mifuko iitwayo uilleann. Zumari hii haipulizwi kwa mdomo. Mpigaji huikandamiza mifuko yake kwa viwiko, na jina lenyewe latokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2017. Ngoma yao, bodhrán, ukiiona utadhani ni dufu la maulidi lililokua: duara la mbao, ngozi ya mbuzi upande mmoja, ila wao huipiga kwa kijiti. Na banjo, kwa taarifa ya wanaodhani ni chombo cha wazungu, asili yake ni Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Ilifika Ayalandi baadaye sana.

*Miguu.* Hapa ndipo kundi hili linapotamba. Rili huhesabiwa nne na hukimbia bila kupumua. Jigi huhesabiwa sita kwa nane, moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, na aliyekulia pwani ataisikia mwilini kabla ya kuielewa, kwa sababu chakacha nayo inatembea kwa hesabu hiyo. Tofauti ni kwamba kiuno chako kitataka kujibu, na kwa Waayalandi kiuno hakisemi kitu. Mabega yametulia, mikono imening'inia, kazi yote inafanywa na miguu. Wageni msiojua hatua msiogope: kuna dansi za pamoja zinazoitwa céilí, na iliyo rahisi kuliko nyingi ni Walls of Limerick, ambapo wawili wanakabiliana na wawili, mnasogea mbele, mnarudi, mnapishana, mnakutana na jozi nyingine. Robo saa inatosha kuifundisha, hata kwa bibi harusi mwenye viatu virefu.

*Kinywa.* Hakuna. Hakuna maneno, hakuna kiitikio. Wageni wanaopenda kuimba watakaa kimya, kisha wataanza kutazama simu.

*Maneno.* Kwa kuwa hayapo, hayamuudhi mtu.

*Maongezi.* Inategemea sauti umeipandisha kiasi gani. Ikipigwa chini, huwa kama mvua juu ya bati: ipo, inapendeza, haikukatizi. Lakini onyo moja. Kila tuni ina sehemu fupi mbili zinazorudiwa, hupigwa mara mbili au tatu, kisha wapigaji huingia tuni nyingine bila kusimama. Sikio lisilozoea husikia wimbo mmoja wa saa nzima. Nimewahi kuulizwa katikati ya karamu, kwa upole kabisa, kama spika imekwama.

*Inamfaa nani.* Aliye na nafasi ya kucheza, au aliye na meza ndefu ya chakula. Haimfai mwenye sebule ndogo iliyojaa makochi na wageni wanaotaka kuimba.

*Pa kuanzia.* The Chieftains, walioanzishwa Dublin mwaka 1962 na mpiga zumari Paddy Moloney, ni mlango mpana: wanapangilia ala vizuri, wanabadilisha kasi, hawachoshi. Ukitaka moto, The Bothy Band, waliodumu miaka michache tu kuanzia 1975, hupiga rili kana kwamba wanafukuzwa. Kwa kucheza hasa, tafuta bendi za céilí kama Kilfenora, iliyoanza mwaka 1909, au Tulla ya mwaka 1946, zote za jimbo la Clare. Piano na ngoma zao zinashika mpigo sawasawa, kwa hiyo miguu haipotei.

2. Nyimbo za kuitikiana

Hili ni kundi la gitaa, banjo na sauti za kiume zilizokaushwa na moshi. Mmoja anaongoza ubeti, wote wanapokea. The Dubliners walianzia kwenye baa ya O'Donoghue's, mtaa wa Merrion Row, mwaka 1962, wakiwa na Ronnie Drew mwenye sauti ya kokoto na Luke Kelly mwenye nywele nyekundu kama moto wa kichaka. Kabla yao, ndugu watatu wa familia ya Clancy kutoka Carrick-on-Suir pamoja na Tommy Makem wa Keady walikuwa wameshatikisa New York. Waliingia kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1961 na sweta zao nyeupe za sufu za visiwa vya Aran, na ghafla nyimbo ambazo vijana wa mjini huko kwao walikuwa wakizionea haya zikawa fahari. Mara nyingine kitu cha kwenu hadi kisifiwe ng'ambo ndipo jirani akithamini.

*Miguu.* Wastani. Watu hugonga meza, hutikisa kichwa, hushikana mabega. Kucheza kwenyewe si sana.

*Kinywa.* Hakuna kundi linaloshinda hili. Viitikio ni vifupi, vinarudi kila baada ya ubeti, na vingine vina mahali maalumu pa kupiga makofi. Mgeni asiyejua neno hata moja huingia kwenye kiitikio cha pili na kutoka na sauti imekauka. Wimbo wa mlevi aliyetubu, The Wild Rover, ni mfano mzuri: ukishaupiga mara moja, wataudai tena kabla ya keki.

*Maneno.* Hapa chunga pande mbili. Kuna pombe na mizaha ya chumbani. Wimbo wa Seven Drunken Nights, uliowapa The Dubliners jina kubwa Uingereza mwaka 1967, ulipigwa marufuku na redio ya taifa ya Ayalandi, na kwenye rekodi yao usiku unaoimbwa ni tano tu kati ya saba, maana mbili za mwisho zilivuka mpaka. Upande wa pili ni mzito zaidi: nyimbo za uasi, zinazosimulia vita na Waingereza. Nyingine ni historia ya karne nyingi nyuma na hazimgusi mtu. Nyingine zinakaribia mno machafuko ya Ayalandi ya Kaskazini, yaliyoua watu wapatao 3,500 na kufikia mkataba wa amani mwaka 1998. Kama mezani kuna mtu wa Belfast ambaye hujui familia yake ilisimama wapi, ziruke.

*Maongezi.* Hayawezekani wakati wa kiitikio. Ndiyo raha yake.

*Inamfaa nani.* Karamu ya watu kumi hadi ishirini waliokaa karibu, na hasa kundi lenye angalau watu wawili wasioona aibu kuimba. Wazee huupenda. Walioshika saumu ya Kwaresima wakaacha pombe wataona kinaya, lakini wataimba tu.

*Pa kuanzia.* Mkusanyo wowote wa The Dubliners wenye Luke Kelly na Ronnie Drew pamoja. Kwa watoto na watu wa kanisani, The Clancy Brothers na Tommy Makem ni wepesi zaidi, wana nyimbo za watoto hata na za bahari.

3. Fidla na magitaa ya umeme

Mwaka 1982, jijini London, vijana ambao wengi wao walikuwa watoto wa wahamiaji au marafiki zao walichukua nyimbo za wazazi wakazipiga kwa hasira ya panki, roki ya kasi na ya fujo. Ndiyo The Pogues, na mwimbaji wao Shane MacGowan, aliyefariki Novemba 2023, alikuwa mtunzi ambaye hata wasiopenda fujo yake walimvulia kofia. Wamarekani nao wakafuata: Dropkick Murphys kutoka Quincy karibu na Boston mwaka 1996, ambao kila Machi hupiga mjini Boston kwa ajili ya sikukuu hii, na Flogging Molly wa Los Angeles, ambao kiongozi wao Dave King ni mzaliwa wa Dublin.

*Miguu.* Ni kuruka. Hakuna hatua ya kujifunza na hakuna ya kukosea. Sakafu ya mbao na jirani wa chini ndio watakaolipa.

*Kinywa.* Vizuri, lakini kwa kupayuka. Kinachohitajika ni mapafu.

*Maneno.* Hapa sitafunafuni: ni makali. Matusi yapo waziwazi. Wimbo maarufu kuliko yote, Fairytale of New York wa 1987, ambao MacGowan aliuimba na Kirsty MacColl, ni wa Krismasi, si wa Machi, na ndani yake mume na mke wanatukanana kiasi kwamba baadhi ya vituo vya redio hukata maneno. Niliwahi kuupiga mama mkwe akiwa sebuleni, nikijitetea moyoni kwamba hajui Kiingereza cha baa. Alikuwa anakijua.

*Maongezi.* Sahau.

*Inamfaa nani.* Vijana, usiku wa manane, ukumbi wenye milango mizito. Pia, na hili watu hawalisemi, inamfaa mhamiaji aliyechoka. Ukisikiliza maneno ya MacGowan kwa utulivu siku nyingine, chini ya kelele kuna mtu anayeishi mji mmoja na kuota mwingine. Lakini si jambo la kumweleza mgeni anayeruka.

*Pa kuanzia.* Albamu ya The Pogues ya 1988, If I Should Fall from Grace with God. Kwa Dropkick Murphys, anza na I'm Shipping Up to Boston, ambao maneno yake yaliachwa na Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani aliyefariki miongo kadhaa kabla haujarekodiwa.

4. Sauti za utulivu

Kundi hili ni dogo kwenye karamu lakini pana kwa muziki. Liko na Clannad, familia ya Gaoth Dobhair huko Donegal, ambao mwaka 1982 waliingiza wimbo wenye maneno ya Kiayalandi kwenye kumi bora za Uingereza. Liko na Enya, ndugu yao, aliyetoka kwenye kundi akaenda kutengeneza mawingu yake mwenyewe. Liko na Altan, pia wa Donegal, wanaochanganya nyimbo za polepole na fidla ya kasi. Na kwenye mzizi kuna sean-nós, uimbaji wa zamani usio na ala: mtu mmoja, sauti moja, mapambo madogo madogo kwenye kila mstari. Anayejua utenzi unavyoghaniwa ataelewa kwa nini chumba hunyamaza. Ongeza tuni za kinubi za Turlough O'Carolan, msanii aliyepofuka kwa ndui akiwa kijana, akazunguka nchi akiwatungia wenyeji wake hadi alipofariki mwaka 1738.

*Miguu.* Hapana, isipokuwa zile tuni za kasi za Altan.

*Kinywa.* Vigumu. Kiayalandi hakisomeki kama kilivyoandikwa, na nyimbo hazikutungwa ziitikiwe.

*Maneno.* Salama. Mapenzi, misiba, safari za bahari. Ukihitaji kueleza, sema ni nyimbo za huzuni, hutakosea mara nyingi.

*Maongezi.* Bora kuliko makundi yote, isipokuwa sean-nós, ambayo haifai kuwekwa nyuma ya kelele za sahani. Ama mnaisikiliza, ama mnaiacha.

*Inamfaa nani.* Chakula cha jioni cha watu wachache, mwanzo wa karamu wageni wakivua makoti, au mwisho wake. Haimfai aliyeahidi shamrashamra. Wageni watadhani mnasubiri habari mbaya.

*Pa kuanzia.* Altan kwanza, maana wanakupa pande zote mbili. Enya mwachie anayemjua tayari.

Vya kuangalia pembeni

Danny Boy itaombwa na mtu, hilo halikwepeki. Tuni ni ya Ayalandi, lakini maneno yaliandikwa na mwanasheria Mwingereza, Frederic Weatherly, na kuchapishwa 1913. Ipige mara moja, mwisho. When Irish Eyes Are Smiling ya 1912 nayo ni zao la majukwaa ya Marekani. Sioni dhambi kuzitumia, ila usimshangilie nazo mgeni kutoka Galway ukitegemea atoe machozi. Riverdance, iliyozaliwa kama burudani ya dakika saba katikati ya Eurovision, mashindano ya nyimbo ya Ulaya, jijini Dublin mwaka 1994, ni ya kutazama zaidi kuliko kusikiliza. Iweke kwenye runinga watoto wakianza kusumbua.

Uchague kwa hali yako

Kama nyumba imejaa watoto na mabibi, anza na ala tupu mchana, dakika ishirini za Walls of Limerick uani au kwenye sebule iliyoondolewa meza, kisha nyimbo za Clancy wakati wa chakula. Kundi la tatu liache lilale.

Kama wageni wako ni vijana na umeshazungumza na majirani, anza na The Dubliners watu wakiwa bado wanafika, wapandishie The Bothy Band, halafu umalize kwa The Pogues. Ukianza na The Pogues saa moja jioni, saa tatu hutakuwa na pa kupanda.

Kama mezani kuna waliofunga Ramadhani, kama ilivyotokea 2024, 2025 na 2026 ambapo tarehe 17 Machi iliangukia ndani ya mwezi huo, nyimbo za mitungi hazina adabu. Altan au kinubi cha O'Carolan wakati wa futari, kwa sauti ya chini, kisha ala tupu baadaye kwa wanaotaka. Mpangilio huo huo unafaa kwa wanaoshika Kwaresima kwa dhati.

Kama ni shughuli ya parokia au shule, mfano kwenye zile jumuiya za Kenya zilizolelewa na wamisionari wa Kiltegan, shirika lililoanzishwa siku hiyo hiyo ya Patrisi mwaka 1932, The Chieftains watakupa heshima na furaha kwa pamoja. Kwa Krismasi pia wana albamu yao ya 1991, The Bells of Dublin.

Na kama umemwalika Mwayalandi hasa, chagua chochote kwa saa mbili za kwanza, halafu zima spika. Kwao kuna desturi ya mgeni mmoja kuimba kisha kumtaja atakayefuata, na aliyetajwa hakatai. Atakapokutaja wewe hatategemea wimbo wa Dublin, kwa hiyo uwe umeshachagua wa kwenu, wenye kiitikio kifupi.